Siku ya Wageni

Warsiti hakuwa kiongozi wa mtaa, wala hakuwahi kutamani kuwa. Alikuwa mjane mwembamba mwenye sauti ya chini, mpika kerupuk, vile vibanzi vya unga wa muhogo na uduvi ambavyo kwao Java mlo ukivikosa huonekana umepungukiwa. Hata hivyo, pale mtaani, Kampung Sumurpring, mto unapopinda kabla ya kufika bandarini, watu walikuwa na tabia ya kungoja waone Warsiti anafanya nini ndipo na wao wafanye lao. Pengine ni kwa sababu wanawake wengi wa pale walijifunzia kazi kwenye uchochoro wake. Pengine ni kwa sababu hakuwa msemaji, na asiyesema sana hudhaniwa anajua.

Ndiyo maana jiji lilipotangaza kwamba mto utapanuliwa na nyumba zote za ukingoni zitaondolewa, na msanifu majengo mmoja kijana akaja kusema kuna njia nyingine, macho yote yalimgeukia yeye.

Msanifu huyo aliitwa Hestu Prabaswara. Alisema si lazima watu wapelekwe kwenye yale maghorofa marefu ya nje ya jiji, ambako hakuna soko wala mteja. Wangeweza kuomba wajengewe palepale, nyuma kidogo ya ukingo, jengo watakalolichora wenyewe pamoja naye. Wengi walimcheka. Walishazoea watu wa kuja kuwapima, kuwapiga picha na kutokomea. Lakini Hestu hakuja na mchoro. Miezi ya mwanzo alikuja kukaa tu. Alikaa kwenye uchochoro wa Warsiti akikata magogo ya unga uliochemshwa kuwa vibanzi, akiyakata vibaya mno, mpaka wanawake wakamnyang'anya kisu. Akawa anatazama jua linavyopita, vichanja vya mianzi vinavyohamishwa kulifuata, watoto wanavyopenya katikati, mikokoteni inavyopishana. Aliona kwamba uchochoro ule ndio uliokuwa kiwanda, jiko, uwanja na mahali pa kusengenyana. Vyumba vya ndani vilikuwa vya kulala tu.

"Mama," alimwambia siku moja, "mimi sitakujengea nyumba. Nitakujengea uchochoro huu, halafu nyumba nitazitundika pembeni."

Warsiti alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Tangu siku hiyo akawa anamwita mwanangu.

Aliyepinga kwa sauti alikuwa jirani yake, Painten, muuza jamu, dawa za kunywa za manjano na tangawizi. Mdomo wa Painten haukuwa na kizuizi. "Ghorofa ni kabati," alisema mbele ya mkutano, Hestu akiwa amekaa palepale. "Watu mnapangwa humo kama sahani, na anayefunga mlango ni mwingine." Hestu hakukasirika. Alimwomba aje achore mkokoteni wake utapita wapi, na Painten, kwa kiburi tu cha kumwonyesha kwamba haiwezekani, akaenda. Akarudi na mchoro wa njia ya mteremko mpole badala ya ngazi, kutoka chini mpaka ghorofa ya juu kabisa, na mkokoteni wake wa jamu ukiwa umeegeshwa mlangoni. Alikaa nayo usiku kucha kichwani, mumewe alisema baadaye, lakini mchana akaendelea kupinga.

Jiji lilikubali, kwa sharti moja: wenyewe kwanza wabomoe nyumba zao. Watu wakasita. Mtu akivunja kwake kabla hajaona pa kwenda, huyo amejiweka mikononi mwa wengine mzimamzima. Mwanawe Warsiti, Gunadi, dereva wa pikipiki za abiria, alimsihi mama yake asubiri. Hestu hakumsihi kitu. Alikaa tu barazani kwake akinywa chai, amechoka, amekonda kwa kazi ya mwaka mzima isiyo na mshahara wa maana, na Warsiti akamtazama akawaza kwamba mtu wa namna hii hawezi kukudanganya. Katika hilo hakukosea. Kesho yake akapanda ngazi mwenyewe, akaanza kuvua vigae ambavyo marehemu mumewe alivipanga. Jua lilipotua, mtaa mzima ulikuwa juu ya mapaa.

Painten ndiye aliyekuwa wa mwisho. Kabla hajampandisha mumewe, mzee Karjo, juu ya ngazi, alivuka uchochoro akasimama mbele ya Warsiti.

"Ninakufuata wewe, sikiliza vizuri. Si yule kijana. Yakiharibika, nitakudai wewe."

"Nidai," akasema Warsiti.

Walihamia kwenye mabanda ya mabati kando ya reli. Misimu miwili ya mvua iliwapitia humo. Maji yaliingia kutoka chini na joto kutoka juu, na mzee Karjo, ambaye kifua chake hakikuwa kizuri tangu ujana, alifia huko. Painten hakusema neno la lawama. Alimzika mumewe, akapika chakula cha kisomo, na wiki iliyofuata akaonekana tena na chupa zake mgongoni.

Kisha jengo likasimama.

Nani angelisema vibaya jengo lile? Lilikuwa na ghorofa tano, lakini kila ghorofa ilikuwa na ujia wake mpana kama uchochoro wa zamani, umeelekea mashariki ili jua la asubuhi liingie lote. Kila mlango ulikuwa na kibaraza chake cha kukalia. Kuta za upande wa mto zilijengwa kwa matofali ya matundu, upepo ukapita humo bila kuomba ruhusa. Ukingo wa ujia ulipachikwa vyuma vya kushikia vichanja, kwa kimo cha mkono wa mwanamke. Mwisho wa kila ghorofa palikuwa na jiko la pamoja lenye dohani kubwa, kwa ajili ya kukaangia. Chini kabisa palikuwa wazi, nguzo tupu, kwa wauza supu na mafundi baiskeli. Siku ya kuhamia, Painten alisukuma mkokoteni wake kwenye ule mteremko mpaka ghorofa ya nne, akauegesha mlangoni, akakaa barazani akautazama. Hakusema kitu siku nzima, jambo ambalo Sumurpring haikuwahi kuliona.

Miezi michache ilikuwa ya raha ya kweli. Asubuhi vichanja vilijaa, ghorofa kwa ghorofa, vyeupe na vyekundu, na mtu akipita kwenye daraja angedhani jengo limevaa shanga. Wanawake wawili walioachishwa kiwandani walikuja kufanya kazi kwa Warsiti. Hestu alikuja na mkewe na mtoto, wakala barazani. Alipodhani hakuna anayemwona, aliushika ukuta kwa kiganja, kama mtu anayemshika ng'ombe wake shingoni.

Wakazi walikuwa wameahidiwa kwamba jengo litasimamiwa na ushirika wao. Lakini baada ya Ramadhani ya kwanza wakaitwa na jiji wakaambiwa kwamba jengo la umma husimamiwa na umma, na umma, ilionekana, maana yake ilikuwa Bwana Suroso, msimamizi aliyeletwa na jiji.

Suroso hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kuungua. Katika jengo jingine alilosimamia, sufuria ya mafuta iliwaka, ngazi ikateketea, na ingawa hakuna aliyekufa, yeye ndiye aliyesimamishwa mbele ya wakubwa. Tangu hapo kila alipoona moshi aliona kiti chake kinaondoka. Kwanza alifunga majiko ya pamoja kwa kufuli, kwa muda, alisema, mpaka wakaguzi waje. Kisha akatangaza kwamba ujia ni njia ya kuokolea watu moto ukizuka, na njia ya kuokolea watu haianikwi chakula. Vyuma vya vichanja vikakatwa kwa msumeno. Mikokoteni ikakatazwa kupanda. Chini, kwenye nguzo, ukawekwa uzio, na magari ya ofisi yakaanza kuegeshwa humo. Kila katazo lilikuja peke yake, kwa adabu, na kila moja lilikuwa na sababu ambayo ukiisikia unaona aibu kuikataa. Nani atake watoto waungue?

Warsiti alijaribu kuanika ndani, kwenye dirisha. Kerupuk zikaota ukungu. Wateja wake wa sokoni walimvumilia kidogo, halafu wakatafuta wengine. Wale wanawake wawili wakaondoka bila kuaga, kwa kuona haya. Mwishowe akawa anaosha vyombo kwa mama ntilie mmoja karibu na kituo cha treni, na kula kwa jasho la Gunadi.

Alimpigia Hestu. Hestu alikuja mara ile ile, akaona vyuma vilivyokatwa, uso ukambadilika. Akaenda ofisini, akatoka amekunja ngumi. Akaandika barua, akaonana na wakubwa, akarudi tena. Baada ya hapo akapata kazi kisiwa kingine, na ujumbe wake ukawa unakuja kwa simu, mfupi, kila mara ukiishia na kwamba hajasahau.

Alasiri moja Painten aliingia kwa Warsiti na chupa ya jamu, akakaa sakafuni.

"Nimekuja kudai," alisema.

"Dai."

Painten akafikiri. Akatazama chumba, sahani mbili, picha ya marehemu, dirisha lenye madoa ya ukungu. "Sasa unaona," akasema, "hata cha kukunyang'anya sioni." Wakacheka wote wawili, kicheko kisicho na utamu, wakanywa ile jamu.

Hestu alirudi mwaka uliofuata, mwenyewe, bila kupiga simu. Alitoa salamu mlangoni, akauinamia mkono wa Warsiti akaubusu kama zamani. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikaa, akazungusha kikombe mikononi.

"Mama, kuna tuzo. Kubwa. Inatolewa kwa majengo ya watu wa kipato cha chini, dunia nzima. Letu limebaki kati ya machache. Waamuzi wanakuja kuliona."

"Hongera, mwanangu."

"Nataka walione lilivyokusudiwa. Vichanja nje, mikokoteni juu, jiko linawaka. Nimeongea na Bwana Suroso, amekubali."

Warsiti akaweka kikombe chini. "Amekubali tuanike?"

"Asubuhi hiyo."

"Asubuhi hiyo moja."

Hestu akakitazama kikombe chake.

"Na kesho yake?"

"Mama, nisikilize. Mimi nimepiga kelele peke yangu na hakuna aliyenisikia. Tukishinda, nani atathubutu kuacha kufuli kwenye jiko lile? Dunia itakuwa inalitazama. Wataona aibu, watafungua. Mimi sina nguvu, Mama. Tuzo itakuwa nayo."

Hakuwa anamvika kilemba cha ukoka. Warsiti alimtazama usoni, akaona anaamini kila neno.

Kwa hiyo safari hii akapita mlango kwa mlango, ingawa siku ya kubomoa hakuhitaji kumwomba mtu. Watu walimsikiliza huku wakiangalia pembeni. Hakuna aliyekataa. Painten peke yake ndiye aliyesema alichokuwa nacho moyoni: "Arusi ya kuigiza, basi. Bibi arusi wewe, mpambe mimi, na bwana arusi anapanda ndege jioni." Lakini alikuwa anasema huku anasugua mkokoteni wake.

Siku ilipofika, ofisi ilifungua majiko mapema. Vyuma vya kushikia vichanja havikuwepo tena, ikabidi wavifunge kwa kamba. Mafuta yakachemka, harufu ya uduvi ikashuka kwenye matundu ya ukuta mpaka chini, na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelipanga. Watu walisahau. Watoto waliozoea kukaripiwa wakaanza kukimbia kutoka mwisho mmoja wa ujia mpaka mwingine. Mtu akamtania mwenzake kutoka dirishani, mwenzake akajibu na tusi la kirafiki ambalo halikusikika tangu zamani. Mikono ya Warsiti ikajikumbuka. Aligeuza vibanzi kwenye kichanja, moja, moja, akajikuta anaimba chini kwa chini. Kisha akamwona Suroso amesimama kwenye mteremko, amevaa shati lake la batiki la sherehe, anatabasamu, na akakumbuka alipo.

Waamuzi walikuwa wawili. Mmoja mzee wa Kizungu mrefu, aliyeinama kila mlangoni ingawa milango haikuwa mifupi. Mwingine mwanamke kutoka Jakarta, mwenye nywele fupi za mvi, mwalimu wa chuo kikuu. Mzee alitazama juu, kwenye dari na nguzo. Mwanamke alivua viatu, akakaa kwenye kibaraza cha Warsiti, akapokea kerupuk ya moto kwa mikono miwili. Alikula taratibu. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini, kama jirani anayemuuliza jirani:

"Mama, mnafanya hivi kila siku?"

Hestu alikuwa nyuma yake. Suroso alikuwa nyuma ya Hestu, kerupuk mkononi, hajaiuma. Painten aliinua kichwa kutoka kwenye chupa zake na hakukirudisha. Warsiti aliona kwamba mwanamke huyu haulizi kwa adabu ya mgeni. Anataka kujua, na akiambiwa atasikia. Aliona pia kufuli, na mkono wa kulifungua ukiwa mbali, ukingoja tuzo. Na aliuona uso wa Hestu, ambao haukumwomba kitu, ila ulikuwa umekauka kama kuni. Kama Hestu angefungua mdomo wakati ule, neno moja tu, Warsiti naye angefungua wake.

"Kila siku yenye jua," alijibu.

Mwanamke alimtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Kisha akatabasamu, akamshukuru, akavaa viatu vyake.

Kabla ya adhana ya alasiri majiko yalikuwa yamefungwa. Kerupuk hazikuwa zimekauka; ilibidi zianuliwe nusu bichi, na mwisho wa juma Warsiti alizimwaga.

Tuzo ilikuja. Hestu alimpigia akilia kwa furaha, na Warsiti naye akalia, kwa sababu alikuwa anampenda na kwa sababu alidhani sasa kufuli litafunguliwa. Jiji likafanya karamu chini, kwenye nguzo, magari yakatolewa kwa siku hiyo. Mkuu wa jiji akahutubia juu ya jengo linalopumua pamoja na watu wake. Picha ya mikono ya Warsiti juu ya kichanja, mwanga ukipita kwenye matundu ya ukuta, ikatundikwa kwenye ukumbi wa jiji, kubwa kama mlango. Watu walikula, wakapiga makofi, wakangoja.

Kufuli halikufunguliwa. Badala yake wakaanza kuja wageni: wakuu wa miji mingine, wanafunzi, watu wa magazeti. Jengo maarufu lazima liwe safi, ikasemwa, na ujia ukawa unapigwa deki mara mbili kwa siku. Lakini wageni walitaka kuona kile walichokiona kwenye picha. Ndipo Suroso alipokuja kwa Warsiti na kumwambia kwamba kutakuwa na siku za wageni. Unga utatolewa na ofisi. Vichanja vitatolewa na ofisi, vipya, maana vile vya zamani vimechakaa. Atakachotakiwa ni kuviweka nje asubuhi, na kuviingiza wakishaondoka.

Mara ya kwanza Warsiti alitoka, bado akitumaini. Mara ya pili mwanafunzi mmoja mwenye kamera alimwomba asogeze kichanja kivulini, kwa kuwa mwanga ulikuwa mkali. Warsiti akakisogeza. Alisogeza kerupuk mbichi kutoka juani na kuziweka kivulini, na hapo kitu ndani yake kikakatika. Mara ya tatu alipoitwa hakutoka.

Suroso alikuja mwenyewe, akagonga kwa heshima. "Bi Warsiti, ni muda mfupi tu. Wapo chini tayari."

"Bwana Suroso, mimi ni mpika kerupuk. Hujawahi kuniona nikipika. Umeniona nikipigwa picha."

Suroso akahema. Alisema yeye naye ana walio juu yake. Alisema mikataba ya nyumba huangaliwa upya kila mwaka, na kwamba hasemi hivyo kumtisha, anasema ili asije akaambiwa hakumwambia. Warsiti alimwamini. Huyo naye hakuwa mwongo. Warsiti alikuwa amezungukwa na watu wasio waongo.

Alimpigia Hestu, akamwambia njoo, na kwa mara ya kwanza hakusema tafadhali. Hestu akaja, akiwa safarini baina ya mji na mji, begi lake mlangoni. Warsiti alimwambia anachotaka: asimame mbele ya wale waliompa tuzo, aseme jengo lile limefungwa, na picha ile ni ya uongo. Kama ni kuirudisha tuzo, airudishe.

Hestu alifunika uso kwa mikono. Akasema amewaza hivyo hivyo, mara nyingi. Lakini kuna kampung nne nyingine zinazongoja, na jiji limekubali kuzijengea palepale kwa sababu ya tuzo hii. Akilivunjia jiji heshima leo, watu wote wale watapelekwa nje ya mji, kwenye yale maghorofa. "Familia ngapi, Mama? Niwaambie nini wale?"

"Kwa hiyo sisi tumeliwa ili wao wapone."

"Sikusema hivyo."

"Hukusema. Wewe hujawahi kusema neno baya." Warsiti alikuwa anaongea polepole, kama kawaida yake. "Ulinihoji mwaka mzima, Hestu. Naamkaje, nalala wapi, jua linanifikia saa ngapi. Nilikujibu yote. Sasa na mimi nakuuliza moja. Yule mwalimu aliponiuliza kama tunafanya hivi kila siku, kwa nini hukujibu wewe?"

Hestu akaligeukia begi lake mlangoni.

"Ulikuwa umesimama nyuma yake," Warsiti akaendelea. "Uliniachia mimi. Nikadanganya, kwa mdomo wangu, mbele ya watu wangu. Ningetegemea Suroso aniachie kitu kama kile. Si wewe."

Hestu alisema samahani. Alisema mara kadhaa, na sauti yake ilikatika kweli. Kisha gari la uwanja wa ndege likapiga honi chini, naye akainuka, kwa sababu kule alikokuwa anakwenda watu walikuwa wanamngoja.

Mkataba wa Warsiti haukuongezwa. Hakungoja kuambiwa, alimkabidhi Suroso chumba kikiwa kimefagiliwa. Gunadi alipata vyumba viwili vya kupanga sehemu ya juu zaidi ya mto, Kampung Kedungwaru, nyuma ya tanuri la matofali. Palikuwa na moshi na mbu, lakini palikuwa na jua, na hakuna aliyekataza kitu. Akaanza tena, vichanja viwili, kisha sita.

Siku moja sokoni alikutana na Painten. Painten alijaribu kupita kama hajamwona, halafu akaona haitawezekana.

"Umeshasikia," alisema.

Warsiti alikuwa ameshasikia. Siku za wageni, aliyekuwa anaanika ni Painten. Ofisi ilimpa na mtandio mzuri.

"Unga wanatoa wao, na nyumba nabaki nayo," akasema Painten, kidevu juu. "Ulitaka niende wapi? Mume nimezika kwenye mabati. Nyumba niliivunja. Sina Gunadi mimi."

"Sijasema kitu, dada."

"Hilo ndilo linaloniudhi kwako. Husemi." Macho ya Painten yakajaa, akayageuzia kwenye samaki. Warsiti akamwambia kwamba ameona picha mpya, na vibanzi anavikata vinene mno, mtu anayejua ataona. Akamwonyesha kwa kidole hewani, hivi, wembamba huu. Painten akaangalia, akatikisa kichwa kukubali. Hawakuonana tena mara nyingi.

Haukupita muda mrefu, alama nyekundu za rangi zikatokea kwenye kuta za Kedungwaru. Mto ulikuwa unapanuliwa mpaka huko. Na msimu wa kiangazi ulipoanza, Hestu akatokea kwenye kona ya tanuri, mvi zikiwa zimeanza, akiwa na wasaidizi wawili. Safari hii hawakuja kukaa tu. Walibeba kompyuta yenye kioo kipana, ambayo mtu angeweza kugusa akaiona nyumba yake ikiinuka.

Alipomwona Warsiti alisimama ghafla. Kisha akaja, akainama, akaubusu mkono wake, na Warsiti hakuuondoa. Mgeni ni mgeni. Akampa wali, tempe ya soya na sambal ya pilipili, na kerupuk za asubuhi ile. Hestu alikula ameinamisha kichwa. Alisema safari hii itakuwa tofauti. Usimamizi wa wakazi utaandikwa kabla ya jiwe la kwanza, amejifunza. Warsiti alimsikiliza, akaona anasema kweli, kama alivyosema kweli mara ya kwanza.

Hestu alipokwenda kwenye kivuli cha banda la mkutano, ambako watu walishaanza kukusanyika, mwanamke kijana aitwaye Nurjanah akabaki nyuma. Ndiye aliyekuwa anaongoza kina mama wa Kedungwaru, mjanja, mama wa mapacha, na alikuwa amesikia kwamba Warsiti anamfahamu mtu yule.

"Mama, tuambie. Ni mtu gani?"

"Ni mtu mwema," akasema Warsiti. "Sijaona anayesikiliza watu kama yeye."

"Kwa hiyo tumfuate?"

Warsiti alikusanya sahani. "Msimpe kitu."

Nurjanah akakunja uso. "Mtu mwema, halafu tusimpe kitu?"

"Mwema. Msimpe kitu."

Nurjanah alingoja maelezo. Warsiti alitafuta pa kuanzia, akaona kwamba hadithi yenyewe haina mwizi ndani yake, na hadithi isiyo na mwizi ni ngumu kumwonya nayo mtu mwenye alama nyekundu ukutani kwake. Nurjanah akamshukuru kwa heshima, akaondoka. Alisimama kwanza pembeni ya banda, mikono kifuani. Kisha mtu akamwita aje aone jikoni kwake panavyotokea kwenye kioo, akasogea hatua, akainama, na baada ya kitambo kicheko chake kikasikika kati ya vicheko vya wengine.

Wingu lilikuwa linapanda kutoka upande wa bahari. Warsiti akaanza kuanua vichanja kabla ya matone, peke yake, kwa kuwa wanawake wote waliokuwa wakimsaidia walikuwa wamelizunguka lile banda, kila mmoja akinyoosha kidole kuonyesha anapotaka dirisha lake.